Yuko Nyuma Yangu

Makongeni, Thika
Jumapili, 19 Januari 2025

Dada yangu Naliaka,

Mulembe. Leo ni miaka thelathini na miwili, miezi tisa na siku tano tangu niondoke kule kwetu. Nimehesabu asubuhi hii kwa kalamu, kwa sababu barua yako ya Krismasi ilisema "miaka thelathini na kitu," na mimi sipendi hiyo "na kitu."

Sisi hapa tu wazima. Wifi yako Magdalene bado anauza mboga pale kona, bega linamsumbua lakini hataki kuambiwa. Janice wetu amehamia Mwihoko na mume wake, ghorofa ya nne, maji hupanda Jumanne na Ijumaa. Cherehani inafanya kazi. Mkanda nimebadilisha mara ya sita, mengine yote ni yale yale uliyoyajua. Juzi nimemaliza kushona jezi kumi na mbili za chama chetu cha wazee wa baiskeli. Ni za manjano, na mgongoni nimeandika TUTAFIKA. Mwenyekiti wetu, Chege, alitaka herufi ziwe kubwa zaidi. Nikamwambia tatizo si herufi, ni mgongo uliopungua.

Kila Jumamosi tunatoka Thika hadi Ruiru kwa barabara ya pembeni, tunakunywa chai, tunarudi kabla jua halijakuwa kali. Tuna mtu wa mbele anayechagua mwendo, na mtu wa nyuma mwenye filimbi. Mtu wa nyuma haruhusiwi kumpita yeyote. Akiona mwenzake amechoka anapuliza, wote wanasimama. Wengine hawaipendi kazi hiyo kwa sababu ni ya kula vumbi. Mimi niliiomba.

Unasema Mayi, mama yetu, alianguka, na tangu hapo anauliza kama bado niko hai, na kwamba masikio yake hayapati tena sauti ya simu. Umeomba picha. Basi hii hapa, imepigwa wiki iliyopita katika studio ya Idah, nikiwa na jezi mpya. Nilijitayarisha kidogo. Mwonyeshe karibu na dirisha, mwanga ukiwa mzuri.

Kuhusu swali lako la mwisho, kwamba nitakuja lini: shule zimefunguliwa na sare ni nyingi mwezi huu.

Ndimi kaka yako,
Simeon


Chwele
16 Februari 2025

Kaka Simeon,

Mulembe muno. Sisi tuko. Mvua bado, lakini tumeshalima tunangoja. Kijana wangu Marvin amepata pikipiki na sasa hashuki hata kwenda chooni. Barua yako ilikuja na basi, nikaichukua stendi nikiwa na furaha sana.

Sasa nikwambie lililotokea, na usicheke.

Mayi aliichukua picha akaisogeza dirishani kama ulivyosema. Akaangalia mbele, akaigeuza akaangalia nyuma kama kuna tarehe. Kisha akaniambia, "Huyu ni Simeon wa zamani. Wa sasa yuko wapi?"

Nikaandika kwenye ubao wake mdogo, maana ndivyo tunavyozungumza siku hizi: HUYU NDIYE WA SASA.

Akasema, "Mimi nilizaa mtoto huyu mwaka wa sitini na moja. Papa yenu alikuwa mweupe kichwa chote akiwa na arobaini. Baba yake, hivyo hivyo. Nyumba hii haina mtu aliyefika sitini na kichwa cheusi. Mwenye kichwa cheusi ni yule aliyekufa mapema."

Nikaandika: NI MZIMA. ANASHONA JEZI ZA BAISKELI. ANAENDESHA.

"Mtu wa miaka sitini na tatu anaendesha baiskeli?" Akacheka, kaka, yale meno mawili. "Naliaka, sasa ndiyo najua unanidanganya."

Usiku huo hakula. Asubuhi akamwita Marvin, akamwambia aende shambani kwa mjomba akate shina la mgomba, linalofika kifuani kwa mtu mzima. Unajua ni la nini. Mtu akipotelea mbali na mwili usipatikane, shina hilo hufungwa blanketi likazikwa kwa jina lake, ili aache kutangatanga. Kwa Papa, tangu apotee mwaka ule wa vita, alikataa tusifanye hivyo, miaka yote hii, hata wazee wa ukoo walipokuja mara mbili. Ni kwa sababu wewe ulisimama mlangoni na baiskeli ukamwambia, "Papa yuko nyuma yangu, anakuja." Neno hilo ndilo amelikalia. Lakini wewe hataki kukungoja. Blanketi ameshachagua, lile la kijivu. Marvin ameficha panga kwenye dari.

Kaka, umefanya nini kichwani?

Dada yako,
Naliaka


Makongeni, Thika
Jumapili, 2 Machi 2025

Dada Naliaka,

Mulembe. Barua yako imefika siku ya kumi na mbili, ambayo si mbaya. Magdalene anawasalimu. Janice ana mimba ya miezi minne. Mvua hapa imenyesha mara moja tu, ikaharibu barabara ya Theta na kuishia hapo.

Nilicheka kidogo. Nisamehe.

Ni rangi. Hiyo ya unga, inachanganywa na maji kwenye kifuniko, na Magdalene hunipaka kwa mswaki wa zamani kila Ijumaa ya tatu. Nilianza mwaka wa elfu mbili, nilipofika thelathini na tisa. Mteja mmoja, mwanamke mwenye umri wangu kabisa, alileta suruali ya mumewe akasema, "Mzee, punguza kiunoni." Nikajitazama kwenye kioo cha kupimia nguo, nikaona.

Usidhani niko peke yangu. Chege hupaka masharubu tu, na kichwa amekiacha, kwa hiyo anaonekana kama watu wawili. Kaleli hunyoa upara kila Alhamisi na kusema ni kwa ajili ya upepo. Owino, anayetoka Mwihoko na kutungoja Ruiru, yeye hana la kufanya. Anasema nywele zake zilihama bila kutoa notisi. Sisi ni wanaume kumi na wawili wenye miguu mizuri, na tukivua helmeti kunywa chai kila mtu anatazama kikombe chake.

Nitaacha rangi. Nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi. Nikiacha leo, mwezi wa sita nitakuwa na kichwa cha kuonyesha. Nitapiga picha nyingine. Mwambie Mayi angoje.

Simeon


Chwele
6 Aprili 2025

Kaka,

Mulembe. Tumepanda. Ng'ombe amezaa, jike.

Sentimita moja kwa mwezi! Kaka, kuna wembe. Nyoa zote leo, baada ya wiki mbili zitatoka nyeupe zenyewe. Au kuna basi. Panda basi na kichwa chako cha rangi mbili, ukae karibu na Mayi, akushike sikio lile lililokatwa na waya. Masikio hayapakwi rangi. Mambo yataisha siku hiyo hiyo.

Nilimwandikia ubaoni kwamba unapaka rangi. Akauliza, "Kwa nini mtu afiche kichwa cha baba yake?" Nimeuacha ubao wazi kwa ajili ya jibu. Wewe unalo?

Wiki ijayo Jumatatu ni tarehe kumi na nne. Kila mwaka siku hiyo Mayi hukaa nje akitazama njia mpaka kuku waingie. Mimi na yeye hatukuwa kule shambani siku ile nyumba zilipochomwa, tulikuwa tumetangulia na lori hapa kwa mjomba. Wewe na Papa mlibaki kulinda mahindi ya ghalani. Ulikaa nasi siku sita ukaenda kutafuta kazi Thika, na hujawahi kutusimulia safari yenyewe, zaidi ya yale maneno machache ya mlangoni. Sikuulizi kwa ubaya. Nauliza kwa sababu mimi ndiye ninayekaa naye nje.

Simu huipokei. Barua unajibu. Basi jibu.

Naliaka


Makongeni, Thika
Jumapili, 29 Juni 2025

Dada Naliaka,

Mulembe. Nimechelewa, najua. Sina sababu ya kuandika hapa. Magdalene alipelekwa hospitali na bega, akapewa mazoezi ya kamba, anayafanya akiwa amekasirika. Janice anatarajia mwezi wa nane.

Nakueleza habari ya nywele, kwa kuwa ndiyo niliyoahidi.

Nilipomwambia Magdalene asinipake tena, alikwenda akauosha ule mswaki kwa sabuni, na tangu siku hiyo anautumia kutoa vumbi la nyuzi kwenye cherehani.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne nilidhoofika. Janice alikuwa amealika wakwe zake mchana huo, na kichwa changu kilikuwa na mpaka katikati, chini nyeupe na juu nyeusi. Nikanunua rangi ya haraka, ile ya kupuliza, nikajipulizia gizani nyumbani, nikavaa helmeti nikaondoka. Mvua ikatukuta tukipita Juja. Tulipofika Ruiru na kuvua helmeti, Owino akasimama na kikombe mkononi.

"Fundi," akasema, "unavuja oili."

Ilikuwa imeshuka kwenye paji la uso, shingoni, mpaka kwenye jezi. Neno TUTAFIKA lilikuwa limepoteza herufi mbili za mwanzo. Kaleli alicheka hadi akakaa chini. Chege alichukua kitambaa cha meza akanifuta usoni, taratibu, kama mtu anavyofuta mtoto, huku akisema, "Wacha, wacha, hata mimi ilinitokea kanisani." Wiki iliyofuata alikuja na masharubu meupe. Owino alimmiminia chai akamwongezea sukari.

Sasa kichwa changu chote ni cheupe. Msichana wa mahali petu pa chai anaitwa Wanja. Zamani aliniita "fundi." Siku hizi anauliza, "Guka, chai ama maziwa?" Guka kwa Kikuyu ni babu. Mimi nasikia "kuka," la kwetu lenye maana hiyo hiyo, nageuka kuangalia ni nani ameingia.

Nilidhani ningesikia vibaya. Sisikii vibaya. Ni kama baada ya sindano ya daktari wa meno, unajua midomo iko, huihisi.

Picha iko ndani ya bahasha. Mwonyeshe Mayi. Hayo mengine uliyouliza, nayasoma mara kwa mara.

Simeon


Chwele
27 Julai 2025

Kaka Simeon,

Mulembe. Mahindi yamebeba vizuri. Ndama anaendelea. Mimi mwenyewe sijalala vizuri, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Nilimpa Mayi picha Jumapili baada ya kanisa. Aliishika muda mrefu. Hakuipeleka dirishani. Akaniambia nilete kiti, kile cha mgongo mrefu. Akaweka mto, akaisimamisha picha kwenye mto, akafunga kitambaa chake vizuri kichwani. Kisha akasema:

"Khaemba, umechelewa."

Nikaandika haraka: HUYU NI SIMEON.

"Nyamaza," akasema, na mimi sikuwa nimesema kitu. "Nimelala na mtu huyu miaka thelathini na moja. Unadhani simjui mume wangu?"

Akataka chai, vikombe viwili. Nikaleta viwili, ningefanya nini. Akaongea naye mpaka jioni, habari za shamba, za nani alikufa na nani alioa. Alimsimulia jinsi alivyobaki na meno mawili. Hakumlaumu hata kidogo. Siku hizi anakula, Simeon. Amenenepa usoni. Kukaa nje kutazama njia kumeisha, jana nilimwita tukae nje akasema, "Tunangoja nani?"

Lakini iko hivi. Siku ya tatu nilimsikia anaiuliza picha, "Kijana umemwacha wapi? Si alitangulia na baiskeli?" Halafu akanigeukia mimi. "Khaemba amefika. Sasa aliyepotelea njiani ni mtoto. Marvin yuko wapi na lile panga?"

Hakumbuki kwamba ulifika. Mlango, baiskeli, yale maneno, vyote vimetoka. Anakumbuka tu kwamba ulitangulia.

Blanketi la kijivu liko kitandani pake limekunjwa. Anauliza kila asubuhi. Simkatalii kwa sababu ya ukaidi. Sitaki kumzika kaka yangu ambaye bado ananiandikia.

Njoo. Ingia, mshike mkono, mwambie ni wewe. Na kama huji, basi niambie jambo moja, maana mimi nimeshakuwa mzee pia na nywele zangu ziko kama zako: siku ile, Papa alikuwa nyuma yako umbali gani?

Naliaka


Makongeni, Thika
Jumapili, 7 Septemba 2025

Dada yangu Naliaka,

Mulembe. Janice amejifungua mvulana tarehe ishirini na nane mwezi uliopita, kilo tatu na robo. Hana nywele hata moja. Magdalene amesahau bega.

Umeuliza umbali. Nitakujibu.

Asubuhi ile tulikuwa na baiskeli moja. Nilikuwa nimefunga cherehani kwenye keria ya nyuma kwa vipande vya tyubu, kichwa cha chuma na meza yake, na ilinichukua karibu saa nzima. Moshi ulikuwa tayari kwenye boma la jirani wa juu. Papa alitoka ndani na koti lake la kanisa. Akaitazama keria, akasema, "Shusha hiyo, nikae mimi." Alisema mara moja tu. Alikuwa na miaka hamsini na saba na goti baya.

Mimi nikasema, "Papa, hii ndiyo kazi yangu. Tembea, nitaenda polepole."

Akasema, "Sawa."

Nilienda polepole mpaka kwenye ile kona ya mikaratusi. Hapo nilisimama nikageuka. Alikuwa katikati ya barabara, hana kofia, na kichwa chake ndicho kitu pekee kilichokuwa cheupe mahali pote pale. Aliinua mkono. Nimekaa na mkono huo miaka thelathini na mitatu na bado sijui kama alikuwa ananiita au ananiambia niende. Halafu nikasikia kelele za watu, upande wake. Nikapanda. Sikugeuka tena. Kutoka pale hadi mlango wa mjomba ni kilomita thelathini na moja.

Kwa hiyo jibu ni mita mia mbili. Hizo ndizo ninazozijua. Nilipofika na kusema yuko nyuma yangu, nilikuwa sijui, na nilijua kwamba sijui.

Nilikuandikia kwamba rangi ilianza kwa mteja wa suruali. Mteja huyo alikuwepo kweli. Lakini kwenye kile kioo sikuona mzee. Niliona barabara, na aliyesimama katikati yake. Ndipo nikaenda dukani. Mayi aliuliza kwa nini mtu afiche kichwa cha baba yake. Ukitaka kumwandikia ubaoni, mwandikie hilo. Ukiona si lazima, usimwandikie.

Ndiyo sababu pia ninaendesha wa mwisho. Wenzangu wanadhani ni unyenyekevu. Chege aliwahi kunisifu mbele ya watu. Jana tulipotoka Ruiru, Owino akitusindikiza, Kaleli alipata pancha karibu na Juja, nikapuliza filimbi, wote kumi na mmoja wakasimama. Wakakaa kwenye nyasi kando ya barabara, helmeti chini, vichwa kumi na viwili, hakuna cheusi hata kimoja sasa. Gari la vijana likapita, mmoja akapaza sauti, "Wazee, mtafika leo ama kesho?" Owino akamjibu, "Tumeshafika, tunawangoja nyinyi!" Nikawahesabu. Huwa ninawahesabu. Walikuwepo wote.

Cherehani iko hapa mbele yangu, ninaandikia juu yake. Imelisha watoto watatu. Nimejaribu kuichukia na nimeshindwa, na kuipenda pia nimeshindwa. Ninaitia mafuta kila Jumatatu.

Sasa kuhusu Mayi. Papa amefika nyumbani. Yuko kwenye kiti cha mgongo mrefu, amekunywa chai, amesamehewa kuchelewa. Nikiingia mlangoni humo na kusema mimi ni Simeon, atatazama kichwa changu na kiti, na lazima ampoteze mmoja wetu. Nimefikiri sana ni yupi. Sitamfanya amngoje Papa mara ya pili.

Mpe Marvin panga. Akate shina upande wa chini wa shamba la mjomba, ambako migomba ni minyofu, lifike kifuani. Tumieni blanketi la kijivu alilochagua mwenyewe. Wazee wa ukoo waambiwe, na jina lisemwe lote, Simeon Wamalwa. Mayi asisimame muda mrefu, mletee kiti. Baadaye mpikie kitu laini.

Wewe niandikie kama kawaida. Barua nitazijibu.

Mimi sitarudi.

Simeon